Kutoka Daftari hadi Takia: Safari ya Neno "Diwani"

Hotuba hii niliitoa Temeke, Dar es Salaam, mbele ya mafundi wa samani, walimu na wanafunzi wa Kiswahili, na madiwani wachache waliokubali mwaliko. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa madiwani, walimu wangu, mafundi wetu wa Keko mliofunga karakana mapema ili muwe nasi, wanafunzi, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, na amani ya Bwana iwe nanyi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naanza na swali, na wanafunzi ndio watakaonijibu. Neno "diwani" mnalijua kwa maana ngapi?

Nasikia huko nyuma: mwakilishi wa kata. Sawa. Na mwingine? Kitabu cha mashairi. Sawa kabisa, hongera. Mbili. Basi?

Sasa nawageukia mafundi. Mkienda Istanbul leo, mkaingia duka la samani mkamwambia mwenye duka mnataka "divan", hawezi kuwaletea mheshimiwa wala kitabu. Atawaonyesha kiti kirefu cha chini, hakina mgongo wala mikono, kimepangwa matakia, cha kusogeza ukutani. Mkienda Uingereza mkaomba "divan", mtaonyeshwa kitanda chenye boksi la mbao chini ya godoro, mara nyingi na droo za kuwekea mashuka. Na dereva wa lori anayetoka hapa Dar na mzigo wa Lubumbashi, akifika Kasumbalesa kwenye mpaka wa Kongo, anaelekezwa "douane", yaani forodhani. Hiyo nayo ni diwani.

Mheshimiwa, kitabu, kochi, kitanda, forodha. Ndugu zangu, yote haya yanatoka katika neno moja. Limepitaje? Nani alilibeba? Na sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tumo vipi humo? Hayo ndiyo niliyokuja nayo.

Tuanzie Madina.

Msikiti wa Mtume ulikuwa na sehemu ya nyuma iliyoezekwa kwa makuti, na sehemu hiyo iliitwa suffa. Walikaa pale maskini wa Waislamu, watu wasio na nyumba wala jamaa mjini. Waliitwa Ahlu Suffa, watu wa suffa. Walilala pale, walisoma pale, na walikula walichopewa. Lishikeni neno hilo, suffa, kwa maana mmelisikia likipita kwenye karakana zenu kila siku ya Mungu. Ndilo lililokuja kuwa "sofa". Waarabu waliliita hivyo baraza lililoinuliwa, Waturuki wakalichukua, Waturuki wakawapa Wazungu, na Wazungu wakatuletea sisi likiwa na springi ndani.

Miongoni mwa watu wa suffa alikuwepo Abu Huraira. Yeye mwenyewe amesimulia siku aliyokuwa na njaa mpaka akafunga jiwe tumboni. Mtume akamwita nyumbani, kuna bakuli la maziwa limeletwa zawadi. Abu Huraira akafurahi. Kisha akaambiwa: nenda kawaite watu wa suffa. Moyo ukamwingia baridi, kwani bakuli moja kwa watu wote wale litabakisha nini? Lakini akaenda, akawaita, akawanywesha mmoja mmoja, kila mmoja akashiba ndipo bakuli likaenda kwa mwingine. Wakabaki yeye na Mtume, akaambiwa anywe, akanywa, akaambiwa anywe tena, hadi akaapa kwamba hana tena nafasi.

Nimewasimulia kisa hiki kwa sababu maalumu. Miaka ikapita. Mtume akafariki, Abu Bakari naye, akatawala Umar bin Khattab. Na maskini yule wa suffa akatumwa kuwa gavana wa Bahrain, ambayo wakati ule lilikuwa jina la pwani kubwa ya mashariki ya Arabuni. Imepokewa kwamba alirudi Madina usiku na mali ya kodi, Umar akamuuliza, umeleta nini? Akajibu, dirhamu laki tano. Umar akasema, unajua unalosema? Akajibu, najua: laki moja, na laki moja, na laki moja, na laki moja, na laki moja. Umar akamwambia, wewe una usingizi, nenda kalale, asubuhi uje.

Asubuhi akaja na jibu lilelile. Umar akapanda mimbari akawaambia watu: imetujia mali nyingi, mkitaka tutawapimia kwa kipimo, mkitaka tutawahesabia. Ndipo mmoja wao akasimama akasema: nimewaona watu wa Ajemi wana diwani, wanaandika humo majina ya watu na haki zao.

Hapo ndipo neno letu lilipoingia katika serikali ya Kiislamu, mnamo mwaka 20 Hijria, yaani 641 hivi. Diwani ilikuwa daftari la majina. Na walipotaka kuanza na jina la Umar kwa kuwa ndiye kiongozi, alikataa. Alisema waanze na jamaa wa Mtume, kisha wafuatishe wa karibu baada ya wa karibu, na Umar wamweke pale Mungu alipomweka.

Ndugu zangu mafundi, tazameni ajabu hii. Sofa na diwani ni maneno mawili tofauti, yenye mizizi miwili tofauti. Lakini mtu mmoja ameyagusa yote mawili kwa maisha yake. Alilala kwenye suffa akiwa hana kitu, na mali aliyoibeba ndiyo iliyofungua diwani. Nimesoma habari za maneno kwa muda mrefu na sijakutana na jambo lililonigusa kuliko hili.

Neno lenyewe, kama alivyosema yule mtu, ni la Waajemi, yaani watu wa Iran. Katika maandishi ya kale ya Mfalme Dario, yaliyochongwa juu ya mwamba wa Bisotun, limo neno "dipi", maana yake maandishi. Wanaisimu wengi hulirudisha hilo hadi Mesopotamia, kwa jina la kile kibao cha udongo walichoandikia. Ibn Khaldun, mwanachuoni wa karne ya 14, amenukuu hadithi nyingine: kwamba mfalme wa Ajemi aliwaona makarani wake wakipiga hesabu huku midomo inatembea, kama watu wanaozungumza peke yao, akasema "diwana", wendawazimu, na jina likabaki. Hadithi tamu. Mimi nabaki na kibao cha udongo.

Kutoka daftari, neno likatanuka. Ofisi inayotunza daftari ikaitwa diwani. Mashairi ya mtu mmoja yakikusanywa na kuandikwa pamoja, nayo ni diwani, ndiyo maana Waajemi wana diwani ya Hafez wa Shiraz na sisi tuna diwani za washairi wetu. Mjerumani Goethe alipotaka kumjibu Hafez kwa mashairi, mwaka 1819, kitabu chake naye alikiita "Divan". Na meza ya kodi bandarini, penye daftari la bidhaa, ikaitwa vilevile: Wahispania wakasema "aduana", Wataliano "dogana", Wafaransa "douane". Hiyo ndiyo inayomngoja dereva wetu Kasumbalesa.

Sasa mtaniuliza: mwalimu, umetuita kuzungumzia samani, mbona mpaka sasa hatujaona hata mto wa kuegemea?

Ndiyo, sasa tunaufikia. Na mto tunauchukua kwa Waturuki.

Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili aliuteka mji wa Konstantinopoli, na baada ya miaka michache akaanza kujenga kasri la Topkapı. Ndani ya kasri hilo, katika ua wa pili, kipo chumba cha baraza kuu la dola. Chumba wanakiita Kubbealtı, yaani chini ya kuba. Baraza lenyewe liliitwa Divan-ı Hümayun.

Nataka tuingie ndani tukitazame vizuri. Chumba si kikubwa. Hakuna meza ndefu katikati. Hakuna kiti cha mtu mmoja mmoja. Kuna benchi moja la chini, limeuzunguka ukuta, limetandikwa matakia, na wajumbe wamekaa juu yake wakitazamana. Waziri mkuu yuko katikati. Wapo mawaziri wenzake. Wapo kadhi wa jeshi wawili. Yupo "defterdar", mwenye daftari, mkuu wa hazina. Hebu sikilizeni hayo majina tena: waziri, kadhi, daftari. Mswahili akiingizwa mle ndani bila mkalimani, angejua nusu ya waliokaa wanafanya kazi gani!

Juu ya kichwa cha waziri mkuu, ukutani, lipo dirisha dogo lenye wavu wa chuma. Nyuma ya dirisha hilo hukaa Sultani. Anasikia kila neno, na waliomo ndani hawajui leo yupo au hayupo.

Kwa nini Sultani ajifiche? Waturuki wanasimulia kwamba zamani masultani walikaa barazani na wenzao. Siku moja akaingia mkulima kutoka bara, vumbi mwili mzima, ana malalamiko yake. Akawatazama waheshimiwa wamejipanga kwenye benchi moja, matakia yaleyale, akauliza kwa sauti: Sultani ni yupi kati yenu? Mehmed akachukizwa, na tangu hapo akaacha kuketi nao. Iwe ilitokea hivyo au haikutokea hivyo, ni kweli kwamba tangu zama za Mehmed masultani waliliacha baraza mikononi mwa waziri mkuu, wao wakasikiliza dirishani.

Kisa hiki watu wengi hukisimulia wakimcheka mkulima. Mimi namtetea. Aliuliza swali la haki. Benchi lile halikumwonyesha nani mkubwa, kwa sababu halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Lilitengenezwa ili watu wakae pamoja wasikilize. Na walisikiliza kweli: katika karne ya 16 divan ilikutana siku nne kila wiki, na aliyedhulumiwa, awe Mwislamu, Mkristo au Myahudi, mwanamume au mwanamke, alikuwa na haki ya kufika pale na shitaka lake. Chakula cha mchana wakubwa hao walikula mlemle, kisha kazi ikaendelea.

Basi, taratibu, jina likateremka. Kwanza diwani ni daftari. Halafu ni kikao. Halafu ni chumba cha kikao. Mwisho ni lile benchi la ukutani lenye matakia, hata likiwa katika sebule ya mtu asiye na cheo chochote. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ya Kituruki.

Na "sofa" je? Kwa Mturuki sofa haikuwa kiti. Ilikuwa sehemu ya nyumba. Katika nyumba za kale za Kituruki, kama zile za mji wa Safranbolu, sofa ni ule ukumbi wa katikati ambao milango ya vyumba vyote inafungukia. Mwaka 1717, mke wa balozi wa Uingereza, Lady Mary Wortley Montagu, alifika Edirne akaandikia jamaa zake barua. Aliwaeleza vyumba vyenye mazulia, ambavyo upande mmoja sakafu imeinuliwa, na hapo ndipo panapoitwa sofa. Na kuzunguka hapo pana mahali pa kukalia pamefunikwa hariri na kupangwa mito. Akasifu kwamba viti hivyo ni rahisi na vizuri mno, hata haoni kama ataweza kuvipenda tena vile vya kwao.

Watu wa Ulaya walitaka kile kiti, lakini sakafu iliyoinuliwa hawakuwa nayo. Wakakikata kile kiti kutoka ukutani, wakakitia miguu ya mbao, wakakiweka katikati ya chumba. Ndiyo sofa mnayoitengeneza leo: fremu ya mninga au mkongo, mikanda, springi, sponji, kitambaa. London wakaenda mbali zaidi, wakaviita "divan" vyumba vya kuvutia sigara kwenye makochi hayo. Maarufu zaidi kilifunguliwa mwaka 1828 katika barabara ya Strand, na watu walikwenda kucheza sataranji.

Mmoja zaidi, kwa haraka. Ile stuli ya sponji ya kuwekea miguu, ambayo wateja wenu siku hizi wanawaonyesha kwenye simu, Wazungu wanaiita "ottoman". Hilo ni jina la mtu. Ni Osman, mwanzilishi wa ukoo wa Sultani, mwishoni mwa karne ya 13. Osman ni Uthman kwa Kiarabu. Na Uthman kwa Kiswahili ni nani? Ni Athumani! Kina Athumani mliomo humu ndani, inueni mikono tuwaone. Haya, samani hiyo ina jina lenu.

Tunarudi nyumbani sasa, na hapa naomba utulivu, kwa kuwa ndipo moyo wangu ulipo.

Msidhani neno diwani tulipewa na wakoloni pamoja na mipaka ya kata. Vumba Kuu, karibu na Vanga, pale Kenya na Tanzania zinapokutana leo, watawala wake walikuwa na cheo cha diwani karne nyingi kabla ya Mjerumani na Mwingereza. Walikuwa na siwa yao, yaani baragumu la enzi, na ngoma zao, na mtu hakuwa diwani mpaka afanyiwe sherehe mbele ya watu wake. Miji ya Mrima, yaani pwani inayoelekeana na Unguja, nayo ilikuwa na madiwani wake. Neno lilifika kwa jahazi, kama yalivyofika mengi mengine. Maneno ya Kituruki hasa, mengi yalifika kwa mlango mwingine kabisa: mwaka 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alileta askari Wasudani aliowaandikisha Kairo, na jeshi la Misri lilikuwa na vyeo vya Kituruki. Ndiyo asili ya ombasha, ya shaushi, ya bimbashi. Na "afande" mnayomwitia polisi kila siku ni "efendi" wa Istanbul.

Lakini diwani peke yake haikutosha. Sisi tulikuwa na neno letu la kukalia, nalo ni baraza.

Aliyewahi kufika Lamu anajua ninachosema. Unatoka mtaani, kabla hujafika mlango mkubwa wa nyumba unakuta daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, na kila upande wa daka pana benchi la mawe na chokaa, limejengwa pamoja na ukuta. Kingo zake zimelainika kwa miaka ya watu kukaa. Hapo ndipo mgeni anapopokelewa kabla hajajulikana kama ataingia ndani. Hapo inachezwa bao, hapo inanywewa kahawa, hapo zinatolewa habari za msiba na za harusi, na hapo wagombanao wanasuluhishwa. Unguja, Mji Mkongwe, mambo ni hayohayo. Masultani wa Unguja waliposikiliza shida za watu, walisemekana wako barazani. Na Oman, ambako ndugu zetu wengi wanazungumza Kiswahili hadi leo, kikao cha liwali na raia wake kinaitwa "barza", na ofisi kuu ya Sultani inaitwa Diwani.

Mnaona kilichotokea? Waturuki walikuwa na kikao, jina la kikao likashuka likawa la benchi. Sisi tulikuwa na benchi, jina la benchi likapanda likawa la kikao: Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, Baraza la Kiswahili. Watu wawili wametoka pande mbili za mlima wakakutana kileleni.

Na tumekutana wapi hasa? Katika maneno matatu ambayo waheshimiwa hawa mnayasema kila robo mwaka bila kuyafikiria: Baraza la Madiwani. Benchi la Kiswahili na benchi la Kituruki, yamewekwa ubavu kwa ubavu, halafu tumewakalisha nyinyi juu yake.

Kwa hiyo nina ombi, na ombi langu lina pande mbili.

Waheshimiwa, nimezunguka ofisi nyingi za serikali za mitaa katika maisha yangu. Mara nyingi nimeona kiongozi amekaa kwenye kiti kinachozunguka, na mama aliyekuja na shida yake amesimama mlangoni, mkoba mkononi, mtoto mgongoni, kwa sababu hakuna pa kukaa. Ofisi hiyo ni ya diwani. Ni ofisi inayobeba jina la benchi, na benchi halimo! Inakuwaje? Nani alitufundisha kumsikiliza mtu aliyesimama?

Na mafundi wangu, nyinyi mnatengeneza seti za watu saba za kupeleka kwenye sebule za watu, na kazi yenu ni nzuri, tunajivunia. Lakini benchi refu la ukutani, la mbao ngumu, la watu kumi kukaa wakitazamana, ni kazi ya siku chache kwa karakana moja. Mbao za mabaki mnazo. Ufundi mnao. Nimezungumza na wawili wenu kabla sijapanda hapa, na wameniambia wako tayari kutoa kazi ya mikono bure, kama mbao zitapatikana.

Mbao ya kwanza naitoa mimi. Waheshimiwa, semeni ni ofisi ya kata ipi inaanza, na mniambie leo kabla hatujaondoka, fundi akachukue vipimo.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Nayapokea maswali.